Kitanda Ulichokiacha na Makali

Baba Zuhura,

Nimesikia unavyowasimulia watu wa huko Mtama, kwamba mkeo wa Somanga alikuchoka na akatafuta kisingizio. Juzi umemwambia hata mtoto kwenye simu, naye akaniuliza tukiwa tunakula kama kweli baba yake aliondoka kwa ajili ya kitanda. Sikuweza kumjibu mbele ya chakula. Nimeona nikuandikie wewe, na niandike waziwazi, maana wewe nawe umenisema waziwazi.

Kitanda kilikuwepo, ni kweli. Ila kilichonitoa kwako hakikuwa kitanda.

Nianze na wewe wa zamani, usije ukadhani nimekufuta. Kule chuo cha ufundi Lindi, wenzetu wote walikuwa wakikimbilia kuchomelea kwa sababu ya cheche. Wewe ulipenda kumalizia kingo. Ulikuwa unabana chuma kwenye jiliwa mpaka kitulie kabisa, unavaa miwani, unatanguliza mguu mmoja, unasukuma tupa kwenda mbele, mbali na mwili wako, na kuinyanyua inaporudi. Tupa isiyo na mpini hukuigusa. Ulisema mkia wake utakuingia kiganjani siku utakayoteleza. Mimi nilikuwa naushambulia ukingo kama mtu anayeparua samaki. Ukanionyesha kwamba kona inavunjwa kwanza, inalazwa kidogo tu iwe mshazari, ndipo inalainishwa. Ukimaliza unapitisha kipande cha kanga kuukuu juu ya ukingo, na kikinasa unarudia.

"Usipime kwa kidole," uliniambia. "Kidole ni chako, chuma ni cha mteja."

Nilikupenda siku ile. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Tulipofungua karakana hapa Somanga, kando ya barabara kuu, bado ulikuwa yule yule. Keekee ya kwanza ya kulainishia midomo ya matundu tulikwenda kuinunua pamoja kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa Lindi, na ulinielekeza njia nzima jinsi ya kuitumia: mashine izunguke taratibu, glavu uzivue kabisa, kwa sababu kinachozunguka hukamata kitambaa na kuuvuta mkono. Glavu ni za kubebea chuma kibichi, ambacho hakijalainishwa, na kupiga tupa. Chenga za chuma tuliziondoa kwa burashi. Watu waliokuja kuagiza mageti walikuwa wakipitisha viganja vyao juu ya kazi yetu kama wanaopapasa kitambaa dukani.

Kisha kazi zikawa nyingi, na wewe ukabadilika. Ulianza kwa kung'oa kinga ya grainda, ukasema inakuziba macho. Ukaacha miwani. Chenga ukawa unazipuliza kwa mdomo au unazifagia kwa kiganja kitupu, zikikuchoma unajifuta damu kwenye kazi ya mtu. Nilikuwa nainua geti lililokwisha kupakwa rangi nakuta michirizi ya damu yako imekauka chini ya rangi. Siku moja tulikuwa tumekaa na sahani ya wali, ukang'oa kibanzi cha chuma kiganjani kwa meno, ukakitema pembeni ya sahani, ukaendelea kula kwa mkono ule ule mweusi. Niliinuka. Uliniuliza nina nini. Nilikuambia nimeshiba, nikautoa wali wangu nje.

Na kila nilipokukumbusha ukingo, ulinijibu kwamba makali hayaonekani, rangi itafunika. Rangi haifuniki makali, nawe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati moja upande wa Miteja: kitanda cha kujifungulia. Mimi nilikuwa Kilwa Masoko kwenye msiba wa shangazi. Niliporudi ulikwisha kukipaka rangi nyeupe na kukipeleka. Nilikuuliza kama ulipiga tupa ule ukingo wa chini wa fremu, pale mtu anapoingiza vidole. Ukasema kimetoka vizuri, niache wasiwasi wa kike.

Alikuja Bi Somoe kwa bodaboda, nikiwa nafagia mlangoni. Unamkumbuka, hata ukijifanya hukumbuki. Mama mtu mzima, Mmatumbi, mwembamba, kanga yake imefungwa vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa kiti. Wewe ulikuwa unakula mihogo, hukuinuka.

Alieleza kwa utulivu kabisa. Binti yake, Hawa, alikuwa akisukuma mtoto, akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Uchungu ulimfanya asisikie kitu kingine. Nesi ndiye aliyeona damu inatoka mahali isipotakiwa kutoka, akafungua vidole vya Hawa kimoja kimoja. Vijimeno vya chuma vilikuwa vimemchana kiganja chote. Mtoto alizaliwa salama, lakini Hawa alishonwa, na hakuweza kumshika mwanawe mwenyewe ili amnyonyeshe. Mama yake ndiye aliyemwekea kifuani. Bi Somoe hakuja kudai. Alikuja kutuomba tukakitazame kile kitanda kabla mwanamke mwingine hajalala juu yake.

Nilikuangalia. Nilikuwa nasubiri uinuke, unawe, uchukue tupa. Ukameza ulichokuwa unatafuna, ukasema:

"Kwani mtu anayezaa hatoki damu?"

Na ukacheka. Ulinitazama mimi ili nami nicheke.

Bi Somoe alisimama, akakaza kanga yake, akanigeukia.

"Mwanangu, huyu ni mume wako?"

Nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipolitamka jambo hilo, na nililitamka kama mtu anayetema kitu kilichooza. Nimewahi kukasirishwa na wewe, nimewahi kukuogopa hata. Lakini kinyaa nilichokisikia pale kilikuwa kitu kipya. Nilitazama midomo yako ina unga wa mihogo, nikajiuliza nilikuwa naibusu vipi.

Asubuhi iliyofuata nilibeba jiliwa ndogo, tupa, msasa, glavu na miwani, nikaenda Miteja. Nesi alinisaidia kukitoa kitanda nje kivulini. Nilikigeuza juu chini, na Baba Zuhura, sikutarajia nilichokiona. Ukingo wote ulikuwa kama msumeno. Na katikati ya yale meno kulikuwa na damu ya Hawa, imeganda, nyeusi, mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakingefika. Niliiosha kwanza. Kisha nikavunja kona, nikalaza mshazari, nikalainisha, nikafungua kila kipande kilichofunguka na kukisugua. Nesi aliniletea kipande cha kanga, nikakipitisha pande zote. Kilipoacha kunasa ndipo nilipovua glavu.

Hawa alikuwa amekaa kwenye benchi, amekuja kufungwa bendeji upya. Sikujua kwamba ni yeye mpaka nilipoona mkono. Nilimwambia mimi ni nani. Akasema asante kwa kuja. Hakusema zaidi, na sikustahili zaidi.

Yaliyofuata unayajua. Nilikwambia sitalala tena chumba kimoja na wewe, ukaniita mwendawazimu, ukafunga vitu vyako na ile grainda isiyo na kinga, ukaenda Mtama kwa ndugu yako. Talaka ilikuja baadaye kwa mikono ya wazee. Karakana iko wazi. Napokea kazi chache kuliko zamani, na kila ukingo unapita mikononi mwangu. Mwezi huu Hawa mwenyewe amekuja na mwanawe mgongoni kuagiza kitanda cha nyumbani. Kidole chake kimoja hakikunjiki. Alisema anataka mimi nikitengeneze, akakaa palepale kwenye kiti akinitazama nikifanya kazi, na mtoto akalala.

Zuhura nimemjibu jana. Nilisita, kwa sababu naona aibu kulitamka mbele ya mtoto niliyemzaa neno ulilomjibu Bi Somoe, lakini amekua, na ulikwisha kumpa upande wako. Nilimwambia lote kama lilivyokuwa. Kisha akaniuliza, mimi nilipokuwa namzaa yeye, nilishika nini.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ilikuwa mvua ya masika, gari halikufika, alizaliwa nyumbani mikononi mwa jirani, na nilishika mkono wako. Niliukamua mpaka kucha zikaingia nyamani, nawe hukuutoa wala hukulalamika.

Ndiyo maana siwezi kurudi kukutazama usoni. Mwanamume asiyejua ningemfundisha. Wewe unajua mwanamke anavyoshika, na bado ulicheka.

Kaa salama huko uliko.

Mama Zuhura