Amepokea kwa Shoka

Dada, Kifaranga wangu anaapishwa! Wakili! Wakili kamili, wa joho na kola nyeupe, yule yule aliyekuwa akizimia kwa kilio ukimnyoa kichwa!

Haya, nimetanguliza mkia kabla ya kichwa. Shikamoo, dada yangu. Miguu inakusumbuaje siku hizi? Na macho, yamepoa? Sisi huku wazima, ila mimi usingizi sina, kwa furaha na kwa jambo jingine nitakalokwambia.

Mwenzio nilidhani digrii ndiyo mwisho wa kusoma. Kumbe digrii ya sheria ni sawa na kununua sufuria: bado hujapika. Wakamrudisha darasani mwaka mzima, chuo cha mawakili, wakamfundisha kuandika hati, kumhoji shahidi mpaka atokwe jasho, kusimama bila kutia mikono mfukoni. Kisha wakamgawa kwenye ofisi ya wakili, mama mmoja mkali kama pilipili, ajifunze kwa vitendo. Majirani wakiniuliza kama mwanangu amepata kazi, nawajibu bado, anafanya mazoezi ya kuwafunga waume zenu.

Lakini kazi yenyewe si suti tu. Alikuja pale ofisini mwanamke ambaye mumewe alimvunja taya kwa ngumi, likafungwa waya, akawa anajieleza kwa kuandika. Mahakama ikatoa amri mume asimkaribie. Amri hiyo lazima imfikie mwenyewe, la sivyo ni karatasi ya kufungia karanga. Kifaranga akatumwa afuatane na mpeleka hati wa mahakama, mzee mmoja wa kofia, aone kazi inavyofanywa. Mume ana bucha. Nami unanijua, ningekosaje kumwona mwanangu kavaa suti nyeusi, anapeleka amri? Nikawafuata kwa nyuma na kikapu changu, najifanya nakwenda kununua nusu kilo.

Kifaranga alimwamkia kwanza, kwa adabu uliyomfundisha wewe. Kisha akamnyooshea karatasi, akasema hii ni amri ya mahakama, pokea. Mume akasema hapokei kitu. Mwanangu akasogea, akarudia: pokea. Jamani, mtu yule alikuwa na shoka la nyama mkononi. Akalishusha. Likapasua karatasi katikati, likapita na vidole viwili vya mkono wa kushoto wa mwanangu, vikabaki pale kwenye gogo pamoja na mbavu za ng'ombe. Damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Wateja wakakanyagana mlangoni. Akalinyanyua tena, na safari hii anaitazama shingo ya mwanangu.

Sikumbuki nilivyovuka kaunta. Nakumbuka jiwe la mizani la kilo tano mkononi, na sauti ya mfupa wa bega, kama kuni kavu. Akaanguka, nikampiga tena. Na tena. Unajua nani alinizuia? Kifaranga! Kakaa sakafuni kwenye damu yake, ananipigia kelele, mama mwache, utaniharibia kesi! Na yule mzee wa kofia, kalamu mkononi, anaandika huku anasoma kwa sauti: amepokea kwa shoka, amekataa kusaini. Mume akachomoka kwa mlango wa nyuma.

Wakubwa wa chuo walimwita mwanangu, wakamuuliza kwa nini alikwenda kazini na mpigaji. Mpigaji mwenyewe ndiye mimi, dada! Kidogo wamnyime kiapo kwa ajili yangu. Mzee wa kofia ndiye aliyemwokoa, akasema mtoto hakurusha hata kofi, na mtu aliyeikata amri ameigusa, na aliyeigusa ameipokea. Wakacheka, wakampitisha. Na mkono wa kuapia ni wa kulia. Uko mzima, vidole vyote vitano.

Sasa kaa chini, dada. Kuna neno nimeliruka. Ile amri ilikuwa na jina la mume la kwenye kitambulisho, ambalo nyumbani hakuna anayelitumia, na bucha hiyo hatukuijua, wala huyo mke hatukujua hata kama yupo. Ndiyo maana mwanangu hakushtuka mpaka alipofika kaunta. Mzee alimwona amebadilika, akamwambia rudi. Akakataa, akasema taya lile limesubiri vya kutosha. Akaamkia. Na yule mtu akaitika: marahaba, Kifaranga. Jina hilo nani analijua nje ya nyumba yetu? Na nilipompiga mara ya tatu alilia, mama mdogo, basi.

Ulinipigia simu ukasema mwanao ameanguka na pikipiki, uko naye ndani, unamkanda bega kwa maji ya moto. Bega hilo nimelivunja mimi. Nilimbeba mgongoni kabla sijambeba Kifaranga, ni mwanangu pia, na siku ile ningemuua.

Polisi wanamtafuta. Aliko sijamwambia mtu, hata Kifaranga. Lakini akishaapa ataniuliza, na wakili mimi siwezi kumdanganya. Usiwangoje waje wakuvunjie mlango. Mlete mwenyewe, aingie kwa miguu yake, amtazame mdogo wake ule mkono.

Wasalimie wote hapo, na yeye msalimie. Joho nimelipiga pasi mara mbili. Njooni wote, dada, asibaki mtu nyumbani: Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi, mahakamani.

Mdogo wako,
Mama Wakili