Kifua Kinachobana Kila Jumamosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini kwanza pokea salamu, maana siwezi kuingia kwa mtu na shida zangu bila kubisha hodi. Sisi hapa hatujambo. Mume wangu, fundi redio, hajambo, mgongo tu unamsumbua akiinama sana. Mama mkwe wangu hajambo, masikio yamegoma lakini kutunga uzi kwenye sindano bado ananishinda. Mwanangu wa kwanza, aliyeoa mbali, alipiga simu juzi, yeye na mkewe na pacha wao wote hawajambo. Binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye habari yenyewe, hajambo kabisa. Na mimi mwenyewe sijambo, na hapo ndipo penye tatizo, utaona huko mbele. Nakuita dada kwa kuwa sijui umri wako, kama umenizidi basi shikamoo. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko usikuchoshe.

Dada, mimi nashona sare za shule, cherehani yangu iko barazani. Binti yangu kazi yake ni kupeleka vifurushi vya watu mjini kwa pikipiki, siku sita kwa wiki, hiyo nimeshaizoea, mlio wa pikipiki yake naujua akiwa bado kwa muuza mkaa, pale hupunguza gia mara mbili nami nasema kimoyomoyo haya, huyo amefika. Lakini mwaka jana akajiunga na kikundi cha wenye pikipiki, watu wazima wana kazi zao, kila Jumapili wanatoka asubuhi wanarudi jioni, na hawapeleki kitu wala hawaleti kitu, wanakwenda kuitazama barabara. Nikamuuliza, mtu anayeshinda juu ya pikipiki siku sita, ya saba anapumzika juu ya pikipiki? Akanijibu, "Mama, na wewe ukimaliza sare za watu si unakaa hapohapo kujishonea foronya?" Na kweli dada, nashona foronya.

Wana kundi lao kwenye simu, kila mmoja akigundua njia nzuri anawapa wenzake, hapa kuna lami mpya, hapa kuna kona ishirini na mbili, hapa simameni kuna mama ana viti vya mbao na asali safi, pale kuna daraja la chuma la reli ya zamani, mkizima injini mnasikia maji yanapita chini. Akanionyesha picha ya barabara ya kule nyuma ya kilima, imejikunja kama utepe wa kupimia ulioanguka chini ya meza, yeye anaona uzuri, mimi naona mtoto wangu anateleza kwenye kila mkunjo.

Sasa nakiri. Jumamosi moja jioni alikuwa uani anapaka mnyororo wa pikipiki mafuta, akasema kesho wanakwenda mbali, nami nikashika kifua nikasema kinanibana. Na mara ile kilibana kweli dada, kilibana kwa hofu. Lakini akaacha kila kitu, Jumapili akashinda na mimi, akanipikia uji, akanipigia pasi kola arobaini, nikaona raha kama mwizi aliyekaribishwa chakula. Jumamosi iliyofuata kikabana tena. Na nyingine. Akanipeleka kwa daktari, daktari akasema haoni kitu, nikasema basi ni hewa. Jumatatu nipo kwenye cherehani nakanyaga kama kawaida. Mume wangu akainua uso kutoka kwenye redio ya mtu akasema, "Mama watoto, hicho kifua chako kinasoma kalenda." Nikamwambia atazame nyaya zake.

Lakini inayoniuma ni Jumapili ya nne. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kuongoza wenzake kwa mara ya kwanza, miezi mitatu alikuwa akichora njia watakayopita kwenye karatasi, vituo vyote, wapi watatia mafuta, wapi watakunywa chai. Nilijua. Na Jumamosi kikabana. Nikamsikia uani anampigia simu mkubwa wa kikundi, "Mwalimu, ongoza wewe, mama yangu hawezi." Akaikunja ile karatasi akaitia kwenye droo ya vijiko. Hajanuna. Ipo mpaka leo, kila nikitafuta kijiko naiona.

Basi wale watu, badala ya kumkasirikia, Jumapili iliyofuata wakafanya nyumba yangu ndiyo kituo chao. Nikasikia ngurumo kwa muuza mkaa, nikatoka, pikipiki nane, zikajipanga ukutani kwetu kama sare zilizotundikwa, na kila mtu ameshika machungwa, wamekuja kumwona mgonjwa. Nilitegemea wahuni dada, naona mwalimu wa hesabu mstaafu anafuta viatu mlangoni, ndiye mkubwa wao, wanamtania kwamba ng'ombe wakipelekwa malishoni humwacha nyuma. Yupo mchomelea vyuma wanamwita Cheche. Yupo nesi, na huyo nesi akatoa kipimo mkobani, akanifunga mkono, akasoma, akasoma tena, akasema, "Mama, presha yako nzuri kuliko yangu." Nikasema huja na kuondoka. Akanitazama dada. Yule mwanamke akanitazama.

Wakakaa uani mpaka machungwa yakaisha, wakisimulia barabara zao na mahali pa kusimama, nikacheka mpaka nikasahau kushika kifua. Nikajikuta nasema kile kilima ninachokiona barazani, tangu niolewe miaka thelathini na sita, sijawahi kuona upande wake wa pili. Halafu Cheche akaomba utepe wangu, akanipima nikiwa nimekaa, nyonga, mgongo, eti mama yake ana mwili kama wangu anataka kumshoneshea gauni. Nikajiuliza ni gauni gani hili linapimwa kutoka goti mpaka kisigino.

Juzi wakaja nacho. Ni kiti chenye gurudumu lake, kinafungwa ubavuni mwa pikipiki, amekichomelea mwenyewe, rangi ya kijani, kina mto na mkanda na pa kuegemeza miguu, kimenikaa kama nguo niliyojishonea. Wamekifunga kwenye pikipiki ya binti yangu. "Ukipata nafuu, mama," Cheche akasema, "tunakupeleka nyuma ya kilima mpaka daraja la chuma. Mwendo wa Mwalimu, usiogope, utaweza hata kuwasalimia wapita njia na kungoja wakujibu." Binti yangu akacheka, akasema siku ni Jumapili hii, kama kifua kitakubali.

Nataka kwenda dada. Nataka mpaka nimekwisha kushona suruali ya kuvaa ndani ya gauni, nimeificha chini ya sare. Lakini nikisema nimepona watamshukuru Mungu kwa uongo wangu, na mama mkwe huniombea kila asubuhi, na kwa kuwa hasikii huomba kwa sauti, mtaa mzima unajua naumwa. Na nikisema sikuumwa, binti yangu atakumbuka ile karatasi. Mtoto huyu hajawahi kunidanganya hata kwa jambo dogo. Ataniamini tena lini? Na siku kikibana kweli, nani atakuja?

Barua hii nampa yeye mwenyewe ailete, ofisi yenu iko kwenye njia ya vifurushi vyake, nimemwambia ni mambo ya mishono asifungue, nimeitia gundi na juu yake nimeshona uzi mweusi. Tafadhali usiiweke kwenye foleni ya barua nyingine, nijibu upesi kabla ya Jumapili, hata mistari miwili, nitashukuru.

Ni mimi, mshonaji wa barazani

JIBU

Mama mshonaji, umenizidi umri, kwa hiyo ile shikamoo nakurudishia: shikamoo mama. Heshima nimeitimiza, sasa kaa nikuseme.

Hofu yako haina kosa. Mtoto akitoka kwa magurudumu mawili, mama yeyote hukaa nusu kiti. Ungemwambia "naogopa" ile Jumamosi ya kwanza, angekupigia simu kila kituo na ungelala usingizi wako. Wewe ukachukua njia fupi. Ukamfanya nesi wa mtu asiyeumwa, ukala uji wake, ukashona kola alizopiga pasi yeye, na siku aliyoingoja miezi mitatu ukamchukulia. Hilo la mwisho si hofu, mama. Ulijua, na umeandika mwenyewe kwamba ulijua.

Usiseme umepona. Hilo neno litakufikisha nyuma ya kilima, sawa, lakini utakaa kwenye kiti cha kijani umepakata uongo mpya, na huo mto Cheche hakuupimia watu wawili.

Fanya hivi. Toa ile karatasi kwenye droo ya vijiko, iweke mezani, umwite akae. Usianze na kifua, anza na karatasi. Sema: "Siku ile sikuumwa, niliogopa." Maneno manne, darasa la nne linatosha. Usitie "lakini" baada yake, maana mama akifika kwenye "lakini" huanza kumlaumu mtoto. Akikasirika, mwache akasirike, usishike kifua. Halafu mwombe Jumapili hii aongoze yeye, kwa njia aliyoichora yeye, vituo vyake vyote, hata kama daraja la chuma litangoja siku nyingine. Mwalimu afuate nyuma na ng'ombe wake.

Mama mkwe mwambie sikioni, taratibu, ageuze maombi yawe ya shukrani. Mtaa utasikia wenyewe. Nesi usihangaike naye, huyo alimaliza kazi yake siku ya machungwa. Mumeo mwombe radhi kwa habari ya nyaya.

Njiani, funga mkanda, tia kilemba chote ndani ya kofia ngumu, na "polepole" nakuruhusu mara moja kwa kila kona. Kona zikifika zile ishirini na mbili, zinakutosha. Na sikiliza hili vizuri: kifua kikibana kweli, iwe Jumanne au Jumamosi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukishasema kweli, atakuja. Watakuja wote nane.

Umeuliza atakuamini tena lini. Barua yako ilifika saa nne asubuhi, uzi mweusi haujaguswa. Aliyeileta ni msichana mrefu, ana grisi kidogo kwenye kidole gumba. Nikamuuliza, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosalimiana, "Mama hajambo?" Akatazama kofia yake, akatabasamu, akasema, "Siku za kazi hajambo."

Anajua, mama. Sijui tangu lini, sikumuuliza. Amekaa na jambo hili kama alivyokaa na ile karatasi, bila kununa, anangoja ulitoe mwenyewe.

Ulitaka jibu upesi. Ninapoandika haya amekaa kwenye benchi la mapokezi, kofia magotini, anangoja bahasha. Nimemwagiza akupe mkononi na asiondoke mpaka umalize kusoma. Umemaliza. Inua macho, yupo hapo barazani.