Mabega Mekundu ya Korongo la Juu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amejipindua! Sasa hivi, hapa mkekani. Alikuwa chali, anarusha miguu, akakunja uso, mara tumbo chini. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemsukuma. Mama mkwe anasema kachukua kwa baba yake, hatulii.

Ndivyo wafanyavyo mbawakawa wangu. Ukiwalaza chali wanakunja shingo — ta! — wanaruka juu na kutua kwa miguu.

Kesho napanda mlimani na gari la kituo cha utafiti wa wadudu. Mtaalamu, mkuu wa kituo, ananijaribu kazini mpaka Ijumaa, siku anayopeleka ramani ya wadudu mjini. Nikimpatia nukta hata moja mpya ya kuongeza humo, kazi ni yangu. Ila korongo la juu alishalifuta: jangwa tupu lile, mawe na jua.

Jumanne, 4 Machi

Wapo. Korongo la juu kabisa, wenye mabega mekundu. Hawamo kwenye ramani!

Nilitandaza shuka jeupe la mtoto chini ya kichaka cha miiba (la kituo limechanika), nikapiga matawi kwa fimbo. Wakadondoka kama punje za mtama. Wengi wakaruka zao, mmoja nikamtia chupani. Nimeimba njia nzima, dereva kachoka na mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu.

Mtaalamu alimmwaga mezani. Mdudu kalala chali, miguu kaikunja, kimya. Eti nimemuua njiani. Nikasema hapana, huwa anajifanya maiti. Akaenda kutafuta miwani ya kukuzia. Joto lilikuwa kali, nami kwa akili zangu nikafungua dirisha. Ta. Kaenda.

Mtaalamu aliona tumbo tu, na wekundu uko mgongoni. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Kasema haweki nukta ya mdudu ambaye hayupo.

Alhamisi, 6 Machi

Gari la kituo bovu. Kwa miguu siwezi, mtoto ananyonya. Nimefua nguo zote isipokuwa lile shuka. Sina hamu hata ya kuliangalia.

Mama mkwe kasema niachane na wadudu, nilee. Baadaye kaniletea chai, akauliza polepole: kwani hayo mabega ni mekundu kiasi gani?

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa nalikunjua shuka nikalikung'ute nje. Ta, ndani ya pindo. Nikafunga dirisha kabla sijavuta pumzi.

Mmoja! Alijificha kwenye pindo siku zote hizi. Nimemfunika na bilauri. Mama mkwe katoka mbio na kanga moja kumwita Mtaalamu, naye kaja begi begani, basi la mjini linapiga honi barabarani.

Sasa kachuchumaa mbele ya bilauri. Na mdudu, kwa ukaidi wake, kalala chali.

"Huyu naye maiti?" kauliza.

"Msubiri kidogo, baba," mama mkwe kamjibu, kaegemea mlango kama askari.

Tunasubiri. Naandika ili mikono itulie. Mtoto naye kajilaza chali kando yao, miguu juu. Honi tena. Mtaalamu haondoki. Mdudu kakunja shingo —

Bilauri imelia. Katua kwa miguu, mabega mekundu juu. Mtaalamu kainama mpaka pua imegusa kioo. Sasa anakunjua ramani sakafuni, anapapasa mifuko, ananiita nimletee kalamu hii hii ninayoandikia, haraka, basi litamwacha, na