Midomo Iliyobaki kwenye Rafu

Mzee Hamadi,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na wote wanaohusika, yaani mimi na paka, nakutangazia rasmi kwamba lile bakuli lako la kijani la kukorogea plasta limepasuka. Limepasuka katikati, hakuna aliyeligusa. Nilisimama mbele yake kimya kwa muda unaostahili, kisha nikalitupa.

Habari nyingine unaijua: umekufa.

Sikukuona siku ile. Wanaume walikuosha ndani, mimi nikakaa nje na wanawake. Mimi ni mwanafunzi wako kwa miaka tisa, si mke wala dada. Akatoka mmoja wa waliokuosha akanipa leso iliyofungwa fundo. Ndani yalikuwa meno yako ya juu. Ndivyo tulivyoagana. Fundi wa meno ya bandia wa Rumonge nzima, ukaenda na ufizi mtupu.

Siku ya tatu wakaanza kuja.

Hawakuingia. Walisimama mlangoni wameziba vinywa kwa kanga au kwa kiganja, wakaomba warudishiwe midomo yao. Na kosa ni lako, Mzee. Kila uliyempima, ukishamjaza kinywa ule uji wa kupimia, ulimwambia: "Pumua kwa pua. Mdomo ni wangu kwa sasa." Siku ya kumvalisha meno ukasema: "Haya, chukua mdomo wako." Watu walikuwa wanacheka. Sasa umeondoka na watu kumi na saba hawajaambiwa lile neno la pili. Taya zao za plasta zilibaki kwenye rafu yetu, ya juu imekalia ya chini, zote zimeelekea mlango.

Niliwapa. Mwalimu wa Kizuka aliubeba wake kwa mikono miwili kama yai. Mmoja wa Minago akauzika wake katikati ya shamba la muhogo. Mwingine aliutupa ziwani, na juzi wavuvi wakavuta wavu wakakuta taya inacheka ndani ya ndagala. Wakamwaga samaki wote.

Wengine walikuja na maumivu, wakataka niwang'oe pale pale. Nikawaambia ulivyonifundisha: sisi si madaktari, sisi ni mafundi. Nendeni hospitali kwanza, jino linaweza kuwa bado linaponyeka. Tundu dogo linazibwa. Likifika kwenye mshipa, daktari anasafisha mzizi, anaufunga, kisha jino linavikwa kofia ngumu lisipasuke. Kung'oa ni mwisho, si mwanzo. Kijana mmoja akaniangalia kwa hofu akasema, "Unaongea kama yeye." Akaondoka haraka. Sijui kama alikwenda hospitali.

Halafu likaja vumbi.

Kila asubuhi nikifungua, chini ya taya moja tu palikuwa na vumbi jeupe, laini. Nafuta. Kesho liko. Limeingia hata katikati ya meno, kama mtu aliyekuwa anatafuna akakatizwa. Zile taya nyingine, safi. Hii ilikuwa ya Bi Mwajuma, yule muuza mawese, uliyekuwa umemwanzia meno manne ya mbele. Jirani mmoja aliona, akasema neno moja: "Anasaga." Kufikia saa sita mji mzima ulikuwa unajua kwamba Mzee Hamadi anasaga meno ya Bi Mwajuma huko aliko.

Unakumbuka mlivyobishana naye? Alitaka daraja, lile linalogandishwa kwa kuegemea meno ya pembeni. Ukamtikisia meno yake ya pembeni kwa kidole, yakacheza, ukamwambia daraja halijengwi juu ya nguzo za hivi. Akauliza habari za skrubu zinazopandwa kwenye mfupa. Ukamwambia hizo ni Bujumbura, na mfupa unahitaji miezi kuzishika, na harusi ya binti yake haingoji. Ikabaki plate, meno ya kuvaa na kuvua. Akanuna, akakubali, ukampima. Wiki ile ile ukafa.

Alikuja amejifunga mtandio mpaka puani.

"Mama Saidi, huyu muzee wako iko na mudomo yangu. Nakula, sisikii chumvi. Nani anasikia hiyo chumvi? Yeye!"

Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Binti yangu anaolewa Jumamosi. Mimi ndiye mama, mimi ndiye wa kupiga kigelegele cha kwanza. Na mudomo ya maiti sipigi. Siendi. Mwambie aniachie."

Alikuwa halii, Mzee. Ingekuwa rahisi kama angelia. Alisimama tu, mama ambaye hatakwenda kwenye harusi ya mwanawe wa pekee.

Hapa nina jambo la kukuungamia. Lile vumbi nilikuwa nimeshalionja, wiki mbili nyuma. Jirani mwenye mashine ya kusaga alikuwa ameigeuza tangu juma la msiba, inatemea upande wa ukuta wetu, na tundu la hewa liko juu kabisa ya taya ya Bi Mwajuma. Nilijua. Nikanyamaza, nikawaacha watu wabebe midomo yao kwa woga. Kwa sababu kama unasaga, basi uko. Asubuhi nilikuwa nafungua mlango taratibu, nisikukatize.

Nikachovya kidole kwenye vumbi, nikamnyooshea Bi Mwajuma. "Lamba."

"Nilambe mudomo yangu mwenyewe?"

"Lamba, mama."

Akalamba. Akakunja uso.

"Hii ni unga ya muhogo. Tena haikukauka vizuri." Akanitazama. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Wiki ngapi?"

Nikafuta kidole kwenye kanga. Akaangalia kigoda chako, kile ambacho sijawahi kukikalia. Akasema polepole, "Lakini ile neno ya kuniachia hakuniambia. Hiyo si unga."

Alikuwa na haki. Tena kipimo chako kilikuwa kimeshapitwa na wakati: aling'olewa karibuni, fizi zinasinyaa mwezi hata mwezi, plate ingecheza. Ilibidi apimwe upya. Na wewe hukuwahi kuniachia nipime mtu peke yangu, hata mara moja.

Nikakalia kigoda. Nikakoroga uji kwenye bakuli la chai, maana la kijani unajua habari zake. Nikamwinua kidevu, nikaingiza kijiko cha kupimia, na kabla sijafikiri, sauti ikatoka: "Pumua kwa pua. Mdomo ni wangu kwa sasa." Ilikuwa nzito, na yale mapumziko yako katikati. Paka akainuka akatoka nje. Bi Mwajuma alipumua kwa pua, macho yakiwa juu ya bega langu la kulia, hayapepesi, mpaka uji ulipogangamaa.

Nilipoutoa nikamuuliza alikuwa anaangalia nini.

"Sikuwa naangalia," akasema akifuta midomo. "Nilikuwa namusalimia."

Sikugeuka, Mzee. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Ijumaa nikamvalisha. Nikamwonyesha kuvua na kuosha, na kuyaacha kwenye maji akilala ili fizi zipumzike. Kisha nikamwambia, kwa sauti yangu hii ya kawaida, "Haya, chukua mdomo wako." Akalia sasa. Jumamosi nilisimama nyuma kabisa ya wanawake, na kigelegele cha kwanza kilikuwa chake. Kirefu, kikali. Bi harusi akacheka kwa sauti.

Basi lala, Mzee wangu. Rafu ni tupu, hakuna anayekudai tena. Nakuahidi: sitampima mtu nikamwacha aende nyumbani na deni la neno. Nitamrudishia mdomo wake siku ile ile, kabla hajavuka kizingiti, maana hakuna aijuaye siku yake. Na meno yako ninayo, ndani ya leso ile ile. Siyafungui.

Wako katika kazi,
Mama Saidi

Plate ya Bi Mwajuma inacheza upande wa kushoto. Jumatatu anarudi nikaze waya unaoishikilia.