Saa ya Chakula ya Baba

Chimayó, 12 Oktoba

Kwako dada yangu mpendwa Ofelia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Huku hatujambo, ila mvua ilichelewa na pilipili zimekuwa ndogo. Jana tulizichoma uani, na harufu ile ikanirudisha jikoni kwa Mama, wewe na mimi tukitegeana kumenya. Nimekukumbuka sana, dada.

Unajua kwamba walinitoa kwenye ustaafu nikawafundishe vijana kule mlimani, kwenye kiwanda cha serikali, kutengeneza kile kipande cha bomu alichokuwa akitengeneza Baba. Walisema ni kazi ya miaka mitatu. Huu ni wa tisa, gharama imepanda mara nne, na kila kipande kinachotoka kwenye kalibu, kile chombo cha kumiminia chuma kilichoyeyushwa, kina ufa. Wakubwa wanakuja kutoka Washington, wanakunja uso, wanaongeza fedha na kusogeza tarehe. Mhandisi wetu, binti aitwaye Kayla, alinitania juzi: "Mzee Eliseo, wewe utazikwa, mimi nitastaafu, na hili dude bado!" Nikamwambia basi asisahau maua. Alicheka, kisha machozi yakamtoka. Maskini, anafuata karatasi za Baba neno kwa neno: mimina, kisha fungua bila kusimama.

Unakumbuka Baba alivyopenda kula? Saa sita ikifika aliacha kila kitu. Mimi na vijana wenzangu tuliokuwa chini yake kiwandani tulikaa naye nje, akafungua burrito za Mama, zile chapati zilizokunjiwa maharage, akatusimulia habari za farasi wake wa utotoni saa nzima. Aliyetaka kurudi ndani kuangalia kazi aliambiwa, "Kaa ule, mwanangu, chuma hakina njaa." Naitamani saa ile mpaka leo.

Sasa nikuungamie. Tulipokuwa tukila, kalibu zilikuwa zikipoa taratibu, ndiyo maana vipande vyetu havikupasuka. Kusimamisha kazi katikati kulikatazwa, kwa hiyo Baba alitia sahihi kwamba hatukusimama. Nililigundua hilo mwaka wa kwanza baada ya kurudishwa kazini. Wakiniuliza, nasema nimesahau.

Mwanzoni nililinda jina lake. Siku hizi nakufikiria wewe. Uligombana naye kwa ajili ya mabomu, ukasimama langoni na bango miaka miwili, na kazi haikusimama hata siku moja. Chakula chake kimeisimamisha miaka tisa. Jumatatu Kayla ataniuliza tena. Inaniuma kumdanganya, lakini nitasema nimesahau.

Msamehe Baba, dada. Njoo Krismasi twende kaburini kwake. Nitabeba burrito tatu.

Wabusu wajukuu, na barua hii uichome.

Ni mimi mdogo wako,
Eliseo