Hesabu Iliyokataa

Shangazi yangu,

Sweta imefika na imenienea. Goti lako linasemaje?

Huku kiwandani nimechanganyikiwa. Unajua kazi yangu ni kukadiria plastiki iliyoyeyushwa itatiririka vipi kabla haijasukumwa kwenye kalibu ya kuipa umbo. Juzi nilichanganya aina mbili, zote nzito kama asali wakati wa baridi. Kwa hesabu yangu, mchanganyiko ungekuwa mzito vilevile. Ukatoka mbio kama maji! Nikasafisha mashine, nikarudia mara tatu, yaleyale. Bosi akacheka: “Mama Vipimo, hizo hazishikani, zinatelezeana tu. Ukiipima kila moja peke yake, hutalijua hilo.”

Ndipo nikakukumbuka. Uliponitafutia mume ulisema mimi mpole, mwenzangu mpole, basi nyumba itatulia. Shangazi, tunagombana mpaka majirani wanafunga madirisha, na wallahi sijui nani huanza. Wewe hesabu yako uliipigaje? Sikulaumu, nauliza tu.

Baba usimwambie kwanza. Na ukijibu, tumia anwani ya kiwanda. Ile ya nyumbani nimemwachia mwenzangu.

Ni mimi, binti wa kaka yako