Nguruwe Wapae Ndipo Nioe?

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa. Mimi ni fundi wa friji, nampenda mwalimu wa Kiingereza niliyejuana naye nilipokwenda kutengeneza friji ya shuleni kwao, na tangu tuanze kuandikiana kwenye simu kila Jumatatu ananitumia msemo wa kuchekesha wa Kiingereza nami niutungie sentensi tatu, nikipatia ananiwekea alama ya vema, nikikosea ananicheka, na siku hiyo ndiyo tamu kwangu kuliko zote. Sasa Jumatatu iliyopita nikajikaza kiume nikamwandikia, "Mwalimu, utakubali nikuoe?" akajibu, "When pigs fly," basi, nikauliza watu maana yake nikaambiwa ni siku nguruwe watakapopaa angani, yaani kamwe, nikakaa chini kando ya friji ya mteja, halafu nikakumbuka kwamba siku hiyo ni Jumatatu, labda ndio msemo wa wiki, nikatunga kwa Kiingereza kwamba kaka yangu ataacha kukoroma nguruwe wakipaa, friji hii itapona nguruwe wakipaa, na mimi nitaacha kukupenda nguruwe wakipaa. Mbili za kwanza akaweka vema, ya tatu akauliza, "Hii umeitunga mwenyewe au umenakili?" nikamjibu, "Mwenyewe, mwalimu, nimepata ngapi?" na tangu hapo anasoma ujumbe wangu hajibu, na shangazi zangu wameshashona nguo za kwenda kuposa. Nimekataliwa au nimefaulu?

Fundi Baridi

*

Fundi Baridi, jina limekukaa.

Pole, lakini ni pole ndogo. Nani alikutuma umpose mtu kwa simu, tena siku ya somo? Mwenzio kaulizwa jambo la maisha yake katikati ya zoezi, angejuaje kama hufanyi mchezo? Akakurudishia mzaha aone utasema nini. Nawe ukasema! Sentensi yako ya tatu nimeisoma mara mbili, mimi ambaye barua za mapenzi zimenichosha. Naye ilimgusa, ndiyo maana akauliza imetoka kwa nani. Hapo, baba, hakuuliza mwalimu, aliuliza mwanamke. Wewe ukamdai alama! Haki ya nani, niliiweka barua yako mezani nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa nisikilize. Nawa hayo mafuta mikononi, vaa shati safi, simu iache nyumbani, nenda kwake akishatoka kazini. Kiingereza usiseme hata neno. Tumia lugha unayomgombezea kaka yako akikoroma, mwambie, "Ile ya tatu ni kweli tupu, na bado nataka kukuoa." Kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kujibu. Akisema hapana, ni hapana, usimpelekee sentensi ya nne. Shangazi zako wasizikunje nguo, wala wasizivae mpaka umemsikia kwa masikio yako mwenyewe.

Na akisema ndiyo, nakuomba sana, usimuulize umepata ngapi.